Habari mbaya ikiandikwa mapema huokoa mteja

Msukosuko wa tanzanite wa mwaka 2001 ni somo kwa kila mfanyabiashara wa Arusha anayelazimika kutoa jibu lisilopendeza, au kumwomba mtu asiyetaka kutoa

MWISHONI mwa mwaka 2001 wafanyabiashara wa vito mjini Arusha walipata pigo ambalo halikutoka mgodini wala kwa mtoza ushuru. Lilitoka gazetini. Novemba 16 mwaka huo gazeti la Wall Street Journal la Marekani lilichapisha habari iliyohusisha magendo ya tanzanite na wafuasi wa Osama bin Laden. Ilikuwa miezi miwili tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na Marekani ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa jiwe hilo, ambalo duniani kote huchimbwa Mirerani peke yake, kusini mashariki ya mji wa Arusha.

Matokeo yalikuja haraka. Wauzaji wakubwa wa vito wa Marekani, yakiwamo maduka ya Tiffany na Zale pamoja na kituo cha QVC kinachouza bidhaa kwa njia ya televisheni, walisimamisha mauzo ya tanzanite. Tiffany ndiyo iliyolipa jiwe hilo jina lake na kuliingiza sokoni mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kugunduliwa. Bei ikaporomoka, na mzigo ukawaangukia wana-apolo waliokuwa mashimoni na mabroka wa mitaa ya Arusha, ambao wengi wao hawakuwa na habari na gazeti hilo wala lugha lililoandikwa.

Njia rahisi ya kujibu ilikuwa kukanusha tu: si kweli, tunaonewa, tununulieni. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mapema mwaka huohuo, katika kesi iliyosikilizwa New York kuhusu milipuko ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998, ilikuwa imeelezwa kwamba mmoja wa washtakiwa aliwahi kujishughulisha na biashara ya tanzanite katika miaka ya 1990. Kukanusha kila kitu kungemfanya mnunuzi wa Marekani azidi kutilia shaka.

Jibu lililosaidia lilikuwa la namna nyingine. Februari 9, 2002, wakati wa maonyesho makubwa ya vito katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, serikali ya Tanzania na vyama vya wafanyabiashara wa vito vya Marekani vilitia saini makubaliano yaliyokuja kujulikana kama Itifaki ya Tucson. Kiini chake kilikuwa utaratibu wa dhamana ya maandishi: kila anayeuza jiwe amhakikishie anayenunua kwamba limepita katika njia halali, na dhamana hiyo ifuatane na jiwe kutoka mgodini hadi dukani. Katika maonyesho hayohayo ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alieleza kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa kundi lolote la kigaidi lilikuwa likinufaika na biashara hiyo wakati huo. Mwaka huohuo 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani, AGTA, kiliiongeza tanzanite katika orodha ya vito vya wanaozaliwa Desemba, orodha ambayo ilikuwa ya tangu mwaka 1912.

Somo la biashara lililomo humo ni moja. Mwenye duka wa Marekani hakuwa na ugomvi na jiwe. Alichoogopa ni mteja atakayesimama mbele ya kaunta na kuuliza, "Hili limetoka wapi?" naye akose la kusema. Malalamiko ya Arusha yasingemsaidia kitu. Karatasi aliyoweza kumwonyesha mteja wake ndiyo iliyomsaidia. Ndivyo ilivyo kwa barua karibu zote ngumu za biashara: anayeisoma si mtu wa mwisho. Nyuma yake yupo bosi wake, kamati yake, mke au mume wake, au mteja wake. Barua nzuri humpa maneno na vielelezo vya kuwaambia hao.

Ugonjwa wa "njoo kesho"

Waswahili ni watu wa adabu, na adabu hiyo huwafanya wengi washindwe kutamka neno hapana. Mtu akiombwa mkopo wa bidhaa asioweza kuutoa, husema "bado." Akidaiwa mzigo ambao haupo, husema "upo njiani." Akiulizwa malipo, husema "njoo kesho." Katika ujirani maneno haya huzuia ugomvi. Katika biashara huzaa hasara, kwa sababu anayeambiwa huyachukua kama ahadi na kupanga mambo yake juu yake.

Mwenye duka la rejareja aliyeambiwa kwamba mzigo upo njiani hatanunua kwingine. Siku tatu rafu zake zitakuwa tupu, wateja watahamia duka la pili, na siku ya nne atakapojua ukweli hatahesabu hasara ya mzigo peke yake. Atahesabu na siku tatu alizodanganywa. Wafanyabiashara wengi huweza kusamehe mzigo uliochelewa, lakini hawasahau kimya.

Hivyo sifa ya kwanza ya habari mbaya ni wakati. Inapofika mapema, mpokeaji bado ana njia: anaweza kununua kwingine, kupunguza oda yake, kuwaarifu wateja wake au kuomba muda benki. Inapofika imechelewa, kinachobaki ni lawama.

Sifa ya pili ni uwazi. Hapa ndipo mazoea ya barua za kiofisi yanapoharibu mambo. Barua nyingi za Kiswahili bado huanza na "Husika na somo tajwa hapo juu," zikafuata na "kwa masikitiko makubwa napenda kukujulisha kwamba," zikapita katika "sababu zilizo nje ya uwezo wetu," na kuishia "tunaomba uvumilivu wako." Baadhi bado hufungwa kwa "Wako katika ujenzi wa taifa," kama enzi za mashirika ya umma. Msomaji hufika mwisho wa ukurasa bila kujua nini kimetokea, kiasi gani, na lini.

Hii haina maana kwamba adabu itupwe. Barua kwa mzee, kwa shemeji au kwa mteja wa miaka mingi itakuwa na salamu, na ikibidi shikamoo, na kumuulizia hali ya nyumbani. Salamu hiyo ina kazi yake: inamwambia mpokeaji kwamba uhusiano upo palepale kabla hajalipata jambo lenyewe. Lakini mistari miwili inatosha. Salamu za nusu ukurasa humtia mtu wasiwasi, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba anayezunguka sana ana jambo zito.

Matenga 120 na matenga 70

Tuchukue mfano wa kubuni ambao kila dalali wa nyanya ataufahamu. Mfanyabiashara wa Arusha ameahidi kumpelekea mteja wa Dar es Salaam matenga 120 ya nyanya za Ngarenanyuki siku ya Ijumaa, na ameshalipwa. Mvua imeharibu barabara na mashamba mawili kati ya matano hayafikiki. Akifuata mazoea ataandika hivi:

"Husika na somo tajwa hapo juu. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, napenda kukujulisha kwamba mzigo wako umepata matatizo kidogo. Tunafanya kila linalowezekana. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Mteja akisoma hayo atapiga simu mara sita na kila mara atapata jibu tofauti. Sasa barua ileile iandikwe upya:

"KUH: NYANYA ZA IJUMAA. MATENGA 70 BADALA YA 120

Habari za kazi, ndugu yangu. Ijumaa alfajiri utapokea matenga 70, si 120 kama tulivyokubaliana. Mvua ya Jumatatu na Jumanne imeharibu barabara, na lori limeshindwa kuyafikia mashamba mawili. Matenga 70 yameshapakiwa na yanaondoka leo saa 11 jioni. Namba ya lori na ya dereva nimeziandika hapo chini.

Kwa matenga 50 yaliyobaki uchague moja kati ya mawili. Yaje Jumanne kwa bei ileile, nauli iwe juu yangu. Au nikurudishie leo Sh. 1,500,000 ulizolipia. Naomba jibu kabla ya saa 9 alasiri ili, ukitaka fedha, benki iwe bado wazi. Pole kwa pengo hili wakati wa mauzo ya mwisho wa wiki."

Barua ya pili ndiyo iliyobeba habari mbaya zaidi, kwa kuwa imetaja idadi. Lakini mpokeaji atailalamikia kidogo kuliko ya kwanza. Kichwa chake peke yake kimemaliza shaka. Sababu yake inaweza kuhakikishwa na mtu yeyote aliyepita barabara ile. Hasara imegawanywa, kwani mwuzaji amebeba nauli. Uamuzi umewekwa mikononi mwa mteja, na saa ya kujibu imetajwa. Kubwa zaidi, mteja huyo anaweza kuichukua barua ilivyo na kuwasomea wachuuzi wake: Ijumaa tunapata 70, tugawane.

Pole imekuja mwishoni na ni moja. Barua yenye pole tano humfanya msomaji atafute kosa la tano.

Wakati wa mizania kuyumba

Jaribio kubwa zaidi la aina hii kwa mji wa Arusha lilikuja mwaka 2020. Machi 16 mwaka huo serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyekuwa ameingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Arusha. Katikati ya Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, na zikaruhusiwa tena Mei 18. Kwa mji unaoishi kwa watalii wa Serengeti, Ngorongoro na Mlima Meru, hizo zilikuwa wiki za kuandika barua mbaya kila siku.

Kampuni ya utalii ilikuwa na taabu ya pande mbili. Mteja wa Ulaya au Marekani alitaka amana yake. Amana hiyo mara nyingi ilikuwa imeshagawanywa: sehemu kwa hoteli za mbugani, sehemu kwa ndege za ndani, sehemu kwa mishahara. Kurudisha yote kwa wote kwa siku moja kungezifunga kampuni ambazo hata hazikuwa na kosa. Kunyamaza kungezifunga vilevile, kwa kuwa mteja aliyenyamaziwa huenda kwa benki yake na kudai malipo ya kadi yabatilishwe.

Njia iliyotumiwa na kampuni nyingi ilikuwa kumwomba mteja aahirishe safari badala ya kuifuta. Hapo habari mbaya na ushawishi viliingia katika barua moja, na tofauti ya maandishi ilionekana wazi. Barua isemayo "amana hairudishwi kwa mujibu wa masharti" huwa sahihi kisheria na mbaya kibiashara. Barua inayosema fedha ziko wapi, kiasi gani kinaweza kurudi na lini, na kwamba anayeahirisha atalindiwa bei yake hadi tarehe fulani, humpa mtu sababu ya kusubiri. Humpa pia maneno ya kumwambia mwenzake wa nyumbani anayeuliza pesa zao zimepotelea wapi.

Mpangilio wa barua ya namna hii unastahili kuangaliwa. Wanaofundisha uandishi wa barua za biashara hutaja njia mbili. Ya kwanza ni kulitaja jambo lenyewe katika mstari wa mwanzo, kisha sababu. Ya pili ni kuanza na sababu na kulifikisha jambo katikati. Njia ya kwanza inafaa pale msomaji anapohitaji kuchukua hatua haraka, kama yule wa nyanya. Ya pili inafaa pale uamuzi usiporekebishika na msomaji atauliza "kwa nini" kabla ya yote, kama kumkatalia mtu kazi au mkopo. Katika njia zote mbili neno la kukataa lazima lionekane. Kuna waombaji wanaoendelea kufuatilia maombi yaliyokataliwa kwa miezi kadhaa kwa sababu tu aliyeandika aliona haya kusema halikukubaliwa.

Deni na kalamu

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye duka la jumla akitaka kuandika barua ya kudai hujikuta kati ya mambo mawili: fedha zake na mteja wake. Wengi huvumilia mpaka hasira ziwajae, ndipo huandika barua moja yenye matusi na vitisho vya polisi. Barua hiyo huleta fedha mara chache, na mteja huondoka nayo.

Wazoefu hupanda ngazi. Barua ya kwanza ni kumbusho: namba ya ankara, kiasi, tarehe iliyopita, na swali kama kuna tatizo lolote kuhusu mzigo. Inachukulia kwamba mtu amesahau, na mara nyingi ni kweli. Ya pili, baada ya wiki mbili hivi, inataka jambo moja: mpango wa kulipa kwa tarehe. Ya tatu ni notisi, inayotaja siku ya mwisho na hatua itakayofuata, na hatua hiyo iwe ile ambayo mdai yuko tayari kuichukua. Anayetishia mahakama mara tatu bila kwenda huwafundisha wadaiwa wake wote kwamba haendi.

Maandishi haya yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa sheria ya ukomo wa muda ya Tanzania, shauri la madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Lakini mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla muda huo haujaisha, muda huanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo jibu la mdaiwa linalosema "nakiri kudaiwa, naomba nilipe kwa awamu" lina thamani kubwa kwa anayedai, hata kama halikuja na senti moja. Naye mdaiwa ajue uzito wa anachokitia saini.

Vilevile wasije wakadhani kwamba ujumbe wa simu ni maneno ya hewani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki katika mikataba na katika ushahidi. Bei iliyotajwa kwa ujumbe mfupi usiku, au ahadi ya "nalipa yote mwisho wa mwezi," inaweza kusomwa mbele ya hakimu.

Kwa upande wa mdaiwa, dawa ya deni ni kulipa. Lakini kama fedha haipo, dawa inayofuata ni kuandika kabla ya kudaiwa. Anayemwandikia mwuzaji wake wiki moja kabla ya tarehe, akataja atalipa kiasi gani sasa na kiasi gani lini, bado ana jina. Anayezima simu siku ya malipo amepoteza jina, na kwa bidhaa za mali kauli jina ndilo mtaji.

Kuomba si kulia

Ushawishi ni upande wa pili wa jambo hilihili. Barua nyingi za kuomba biashara huandikwa kama maombi ya sadaka: "Naomba unisaidie, nina familia, nimehangaika sana." Huenda yote ni kweli, na anayesoma huenda akahuzunika. Lakini ofisa mikopo hawezi kuipeleka huzuni hiyo mbele ya kamati ya mikopo. Huko ataulizwa fedha zitaingia kutoka wapi, zitarudi vipi, na dhamana ni nini.

Mwombaji mwenye akili huiandikia kamati hiyo asiyoiona. Anataja kiasi na kazi yake katika mstari wa kwanza: si "mtaji wa kuendeleza biashara," bali milioni kadhaa za kununua magunia kadhaa ya maharage mwezi wa mavuno na kuyauza bei ikipanda. Anaambatisha taarifa ya akaunti ya miezi iliyopita, leseni, namba ya mlipa kodi na mauzo yake kwa risiti. Anataja pia hatari: bei isipopanda atafanyaje, na atalipa kwa fedha gani. Mwombaji anayetaja hatari mwenyewe huaminika kuliko anayeahidi faida tupu, kwa sababu ofisa alikuwa ameshaifikiria hatari hiyo kabla hajamaliza kusoma.

Hali ni hiyohiyo kwa mkulima wa mboga wa Usa River au Tengeru anayetaka kuuzia hoteli. Mnunuzi wa hoteli hasumbuliwi na ukosefu wa wauza karoti, wamejaa. Anasumbuliwa na asubuhi ambayo karoti hazikuja na mpishi mkuu anapiga kelele. Barua inayosema "tutaleta kilo kadhaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kabla ya saa 1 asubuhi, kwa risiti, na siku tukikosa tutakujulisha jioni ya kuamkia" imemgusa pale panapomuuma. Baada ya hapo iombe jambo moja dogo: wiki mbili za majaribio. Barua inayoomba mkataba wa mwaka kwa mtu asiyemjua mwombaji hukataliwa kwa sababu ni rahisi kuikataa.

Mlima Meru wenyewe una historia ya maandishi ya kushawishi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa kizungu. Wameru walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyatetea, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Katika Baraza Kuu azimio lao halikupata theluthi mbili ya kura, na ardhi haikurudi wakati huo. Hata hivyo suala la mlima mmoja lilikuwa limesikika duniani na kuwekwa katika kumbukumbu, na wanahistoria hulihesabu kati ya mambo yaliyochochea siasa za uhuru wa Tanganyika.

Mfanyabiashara anayekataliwa anaweza kujifunza kitu hapo. Barua iliyokataliwa ikiwa na hesabu, tarehe na hoja, hubaki katika jalada na kufanya kazi baadaye. Anayekataliwa ashukuru, aulize sababu, na atunze nakala. Meneja anayefuata au msimu unaofuata huweza kuleta jibu jingine.

Kwa wenye hisa

Wawekezaji wadogo wanaosoma matangazo ya kampuni wako upande wa wapokeaji, na kanuni zilezile huwasaidia kupima wanachoandikiwa. Tangu biashara ilipoanza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, kampuni zilizoorodheshwa zinawajibika kutoa kwa umma habari zinazoweza kugusa bei ya hisa zake. Nchini Kenya kampuni inayotarajia faida yake ya mwaka kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, hutakiwa kutoa tahadhari hadharani kabla ya kutangaza hesabu.

Mwenye hisa aangalie tahadhari hizo zimeandikwaje. Kampuni inayosema "mazingira magumu ya biashara" bila kutaja ni mazingira gani na yamekula kiasi gani, imeandika barua ya nyanya ya kwanza. Inayosema mauzo ya bidhaa fulani yameshuka, gharama fulani imepanda, na hatua tatu zimechukuliwa, inampa mwenye hisa kitu cha kupima mwaka unaofuata. Aangalie pia nani anatajwa kama mtendaji. Mwaka wa faida taarifa hujaa "tumefanikiwa", mwaka wa hasara sentensi hugeuka kuwa "kumejitokeza changamoto." Mwekezaji maarufu wa Marekani, Warren Buffett, katika barua yake ya mwaka 1989 kwa wanahisa wa Berkshire Hathaway alitenga sehemu nzima kueleza makosa yake ya miaka 25 ya kwanza. Aliyataja moja moja, na wanahisa hawakumkimbia.

Kabla ya kutuma

Mambo matano yanafaa kukaguliwa kabla barua ngumu haijatoka mkononi.

1. Je, mpokeaji akisoma kichwa na sentensi mbili za mwanzo tu, atajua nini kimetokea au nini kinaombwa?

2. Je, sababu iliyotolewa ni ya kweli na inaweza kuhakikishwa na mtu mwingine? Sababu ya uongo hudumu mpaka dereva wa lori atakapopiga soga.

3. Je, kuna idadi, kiasi na tarehe? Neno "hivi karibuni" si tarehe.

4. Je, mpokeaji amepewa la kuchagua au la kufanya, na siku ya kujibu?

5. Je, anaweza kuichukua karatasi hiyo ilivyo na kumwonyesha bosi wake, kamati yake au mteja wake bila kuhitaji maelezo zaidi?

Jibu la swali la tano likiwa hapana, barua irudi mezani. Ikiwa ndiyo, itumwe leo, na nakala yake iwekwe katika jalada.